Mafuta mwilini na metaboli, mwanaume na mwanamke: nani apime nini, ale kiasi gani, aanze na zoezi gani

Mimi na mume wangu tulianza siku moja. Jumatatu ileile, chakula kilekile, sahani zinalingana, jioni tunatoka wote kutembea nusu saa. Mwezi ulipoisha yeye kapungua kilo nne na nusu, mimi gramu mia saba. Na wiki ya tatu ndo iliniuma kuliko zote, nimeamka alfajiri, sijanywa hata maji, nimepanda kwenye mizani, namba zikachezacheza weee alafu zikatulia: nimeongezeka kilo moja na nukta mbili. Nikashuka, nikapanda tena, ileile. Nililia. Mume wangu akaniambia kwa upole tu "pole mama, labda unaonjaonja wakati wa kupika", na wala sikuwa naonja kitu, na hilo neno lilinikaa moyoni kuliko hata ile namba.

Baadaye nikatulia nikasoma, nikachukua kalamu nikapiga hesabu zetu wote wawili, ndo nikaona tatizo halikuwa uvivu wangu wala metaboli yangu, yaani ule uchomaji wa chakula mwilini, kufa kama nilivyokuwa najisemea. Tulichagua mpango mmoja kwa miili miwili tofauti basi. Ndo maana naandika huu ulinganisho, hasa kwa mke na mume au kaka na dada wanaotaka kuanza pamoja, maana wengi wanaachia njiani hapohapo kwenye mwezi wa kwanza na anayeachia mara nyingi ni mwanamke.

Kwanza kiasi cha mafuta chenyewe

Kuna mafuta ambayo mwili hauwezi kuishi bila hayo, yapo kwenye uboho, kwenye neva, yamezunguka viungo vya ndani. Kwa mwanaume hayo ni kama asilimia 3 ya uzito wake. Kwa mwanamke ni kama asilimia 12. Yaani mwanamke kabla hajala chochote cha ziada tayari ana mara nne ya mwanaume, na hayo si mafuta ya uzembe, ni ya uzazi na homoni. Mwanaume mwenye afya yake nzuri anaweza kuwa kwenye asilimia 10 mpaka 20, mwanamke mwenye afya hiyohiyo atakuwa kwenye 20 mpaka 30 hivi. Kwahiyo dada ukiona mtu ameandika "fikisha asilimia 12 upate tumbo la vipande", angalia anaongea na nani. Kwa kaka hiyo 12 ni mwili wa mazoezi. Kwako wewe 12 ndo sakafu kabisa, chini ya hapo hakuna kitu.

Utotoni hakuna tofauti kubwa hivyo. Inakuja kwenye kubalehe, mvulana testosteroni, homoni ya kiume, inamjengea misuli na mifupa, msichana estrojeni, homoni ya kike, inamwekea akiba ya mafuta. Ukubwani pengo la misuli linakuwa kubwa kweli, kuna kipimo kilichofanyika kwa kamera za MRI kwa watu 468, majibu yakatoka mwaka 2000, wanaume walikuwa na wastani wa kilo 33 za misuli, wanawake kilo 21. Hiyo tofauti ya kilo 12 ikae kichwani maana ndo inaeleza karibu kila kitu kinachofuata.

Metaboli: nani anachoma zaidi?

Jibu la haraka, mwanaume. Jibu la kweli, mwenye mwili mkubwa usio wa mafuta ndo anachoma zaidi, na mara nyingi huyo anakuwa mwanaume.

Kuna kanuni inaitwa Mifflin-St Jeor, ya mwaka 1990, wataalamu wengi wa lishe wanaitumia mpaka leo. Unachukua uzito wa kilo mara 10, unajumlisha urefu wa sentimita mara 6.25, unatoa umri mara 5. Hapo mwanaume anaongeza 5, mwanamke anatoa 161. Basi. Yaani watu wawili wenye uzito mmoja, urefu mmoja na umri mmoja, mwanaume anamzidi mwanamke kalori 166 kwa siku akiwa amelala tu. Na kwenye maisha ya kawaida hatuwi sawa uzito wala urefu, kwahiyo pengo linakuwa kubwa zaidi ya hapo.

Lakini sasa sikiliza hii maana mimi iliniondolea mzigo. Mwaka 2021 kwenye jarida la Science ulitoka utafiti ulioongozwa na Herman Pontzer, watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia kichanga cha siku 8 mpaka mzee wa miaka 95. Walipoweka sawa ukubwa wa mwili na kiasi cha mafuta, mwanaume na mwanamke wakalingana. Na kutoka miaka 20 mpaka 60 metaboli haishuki, imenyooka kama reli, inaanza kushuka baada ya 60 tena polepole, kama asilimia 0.7 kwa mwaka. Kwahiyo ile "nimefika thelathini metaboli imezima" haipo, na ile "wanawake wana metaboli mbovu" nayo haipo. Kilichopo ni injini ndogo na injini kubwa, zote nzima.

Alafu msidanganywe na wale wanaosema ukijenga misuli utachoma makalori hata ukilala. Kilo moja ya misuli iliyotulia inachoma kama kalori 13 kwa siku, kilo ya mafuta kama 4 na nusu. Kazi kubwa ya kuchoma ukiwa umepumzika inafanywa na ini, ubongo, moyo na figo. Misuli ina faida zake na nitazisema chini huko, ila si hiyo.

Sahani moja, watu wawili (hapa ndo penyewe)

Niweke hesabu yetu wazi. Mume wangu kilo 80, urefu sentimita 175, miaka 38. Mimi kilo 68, sentimita 160, miaka 36. Kwa ile kanuni yeye akipumzika anachoma kama 1,709, mimi 1,339. Ukizidisha kwa 1.45, maana kazi zetu ni za kukaa na jioni tunatembea kidogo, yeye anatumia kama 2,480 kwa siku na mimi kama 1,940.

Sasa tulikuwa tunakula kama kalori 1,750 kila mtu. Ona:

Yeye anapungukiwa 730 kila siku.
Mimi napungukiwa 190 kila siku.

Kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700. Kwa siku 30 yeye amechoma kilo 2.8 za mafuta, mimi gramu 740. Gramu 740! Nilipoifikia hiyo namba nikaweka kalamu chini. Mwili wangu ulikuwa umefanya kazi yake sawasawa kabisa, kalori kwa kalori, na mimi nilikuwa nautukana. Na zile kilo nne na nusu za mume wangu si zote mafuta, ukipunguza chakula wiki ya kwanza mwili unatoa ile akiba ya wanga iliyoko kwenye misuli na ini, na kila gramu ya hiyo akiba inakuwa imeshika kama gramu tatu za maji, mwenye misuli mingi anakuwa na akiba kubwa kwahiyo anakojoa uzito mwingi mwanzoni.

Kuna kitu kingine kwa mwanamke, siku za kabla ya hedhi mwili unashika maji, mtu anaweza kupanda nusu kilo mpaka kilo mbili bila kuongeza hata chembe ya mafuta. Sasa fikiria, mafuta yangu ya mwezi mzima ni gramu 740, maji ya kabla ya hedhi ni kilo na zaidi, mizani itaona nini? Itaona maji. Ndo ile kilo moja na nukta mbili ya wiki ya tatu. Mwanaume hana hiyo kitu, mizani yake inateremka tu kama ngazi, ndo maana ushauri wa wanaume wa "jipime kila asubuhi" unawafaa wao na unawavunja moyo wake zao.

Na hii si kwetu tu. Kulikuwa na utafiti mkubwa Ulaya, Australia na New Zealand unaitwa PREVIEW, watu zaidi ya 2,000 wenye dalili za kuelekea kisukari, wiki 8 kwa dayati kali ya kama kalori 800 kwa siku, wanaume walipungua uzito kwa asilimia 16 zaidi ya wanawake.

Kwahiyo kwenye kuchagua kiasi cha kula, msichague sahani sawa, chagueni punguzo sawa kwa asilimia. Sisi tulihamia asilimia 20 kila mmoja. Mume wangu akapanda mpaka karibu 1,980, mimi nikashuka mpaka 1,550. Kwa hesabu yeye anatoa kama kilo 1.9 kwa mwezi na mimi 1.5, pengo linakuwa dogo na hakuna anayelala na njaa. Hizi ni hesabu za makadirio, mwili ukipungua na matumizi nayo yanapungua, rudieni kupiga hesabu kila mkishusha kilo nne tano.

Mafuta yanakaa wapi

Mwanaume: tumboni, tena ndani kabisa, yamezunguka utumbo na ini. Kile kitambi kigumu ukikigonga.
Mwanamke: nyonga, makalio, mapaja, chini ya ngozi. Laini ukiyashika.

Wa kwanza kulieleza hili kitaalamu ni daktari Mfaransa, Jean Vague wa Marseille, mwaka 1947, alisema hatari haitegemei tu mafuta ni mengi kiasi gani, inategemea yako wapi, na yale ya kiume ya juu na tumboni ndo yanayoendana na kisukari na magonjwa ya moyo. Watu walichukua muda mrefu kumsikiliza lakini leo ndo tunachofundishwa. Mafuta ya ndani ya tumbo yanaachia asidi za mafuta kwa haraka na damu ya huko inaenda moja kwa moja kwenye ini. Ya mapajani ni kama stoo iliyofungwa, yanaingia kwa urahisi yanatoka kwa shida, seli zake zina vipokezi vingi vinavyozuia mafuta yasiachiwe adrenalini inapokuja. Wakati wa kunyonyesha ndo hiyo stoo inafunguka zaidi kuliko wakati mwingine.

Maana yake kwa mwanaume ni mbili kwa pamoja. Habari mbaya ni kwamba mafuta yake yako mahali pabaya, hata kama uzito hautishi. Data za Uskoti zilizotoka 2011 zilionyesha wanaume wanagundulika na kisukari aina ya pili wakiwa na BMI (uzito wa kilo ukigawa kwa urefu wa mita mara urefu) ya kama 32, wanawake kama 34, yaani mwanaume anaugua akiwa na unene mdogo kuliko mwanamke. Habari njema ni kwamba hayo ya ndani ndo yanayotoka haraka akianza kujirekebisha. Mshipi unalegea wiki ya pili.

Kwa mwanamke ni kinyume. Dada unayechukia mapaja yako, hayo mapaja yanakulinda, mafuta ya huko yanaendana na hatari ndogo ya kisukari na moyo, na hakuna zoezi la kuyachagua yatoke yenyewe, ukipiga skwati mia unajenga msuli wa chini yake, mafuta yanatoka kokote mwili unakotaka kutoa. Usiache mpango unaofanya kazi kwa sababu tu paja halijabadilika.

Sasa kipimo, nani achague kipi

Mwanaume achague futi ya fundi cherehani. Kweli, kuliko mizani. Simama, toa pumzi kawaida usibane tumbo, zungusha futi katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa juu wa nyonga, isibane ngozi. Mume wangu alikuwa anapima pale suruali inapokaa, chini ya kitambi, akapata 91 akafurahi. Tukapima mahali penyewe ikasoma 99. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani mwanaume akizidi sentimita 94 hatari imeanza, akizidi 102 ni kubwa. Kwa mwanamke ni 80 na 88. Au kama hutaki kukumbuka namba, kiuno kisifike nusu ya urefu wako, hiyo ni sawa kwa wote wawili.

Mwanamke achague vitu viwili, futi ya kiuno na nyonga, na mizani mara moja kwa mwezi siku ileile ya mzunguko. Mi natumia siku ya sita toka hedhi ianze, maji yameshashuka. Siku ya sita ya mwezi huu na siku ya sita ya mwezi ujao, za katikati hazinihusu. Kama mzunguko wako haueleweki basi jipime kila siku lakini uchukue wastani wa wiki nne, usitazame namba ya leo.

BMI mimi naipa nafasi ndogo, mipaka yake 25 na 30 ni ileile kwa jinsia zote wakati kwa BMI moja mwanamke ana mafuta zaidi ya mwanaume. Na zile mizani zinazotoa asilimia ya mafuta kwa kupitisha umeme mdogo miguuni, ukiwa umekunywa maji mengi au umetoka jasho namba inabadilika, na lazima uiambie wewe ni mwanaume au mwanamke maana inatumia kanuni tofauti, mkichangia mizani moja na mtu hajabadilisha profaili namba itakayotoka ni ya mwili wa mwenzako. Tumia kuona mwelekeo tu.

Mazoezi

Mkikimbia pamoja kwa mwendo wa wastani, mwanamke anachoma mafuta kwa sehemu kubwa zaidi na mwanaume anategemea zaidi wanga, hili limepimwa mara nyingi. Watu wakisikia hivyo wanadhani mwanamke akikimbia tu inatosha. Haitoshi, kwa sababu mwisho wa siku kinachohesabika ni jumla ya kalori, na baada ya zoezi mwili unasawazisha.

Ningemshauri mwanamke aanze na vyuma, na mwanaume mwenye kitambi aanze na kutembea haraka au kukimbia kisha aongeze vyuma. Najua jimu nyingi ni kinyume, wanaume wamejaa kwenye vyuma na wanawake wamejipanga kwenye mashine za kukimbilia. Sababu yangu ni zile kilo 21 za misuli za mwanamke. Ukipunguza chakula bila kubeba kitu kizito mwili unakula na misuli, na mwanamke hana ya kupoteza. Hutakuwa na kifua cha mwanaume, testosteroni ya kufanya hivyo huna. Mara mbili tatu kwa wiki, uzito ambao mara ya nane au ya kumi unakushinda kidogo, na protini gramu 1.2 mpaka 1.6 kwa kila kilo ya uzito wako. Protini hiyo ni kwa wote wawili. Mwanaume kutembea haraka kunamfaa kuanza nako kwa sababu mafuta ya ndani ya tumbo yanaitikia vizuri mazoezi ya pumzi, hata kabla mizani haijasema kitu.

Mahali mwanamke asimuige mwanaume kabisa

Kufunga kwa masaa mengi pamoja na mazoezi makali pamoja na kula kidogo. Chukua dada wa kilo 60, mafuta asilimia 27, uzito wake usio wa mafuta ni kama kilo 44. Wataalamu wa michezo wanatumia mpaka wa kalori 30 kwa kila kilo ya hiyo, baada ya kutoa za mazoezi. 44 mara 30 ni 1,320. Sasa amekula 1,400, anajiona yuko vizuri, kakimbia kachoma 400, amebakiwa na 1,000. Hiyo ni kama 23 kwa kilo. Akiendelea hivyo miezi, ubongo unapunguza ile homoni inayoamsha ovari, hedhi inachelewa, alafu inakata, na mifupa inaanza kupungua nguvu. Mwanaume naye ukimbana sana testosteroni inashuka, hamu ya tendo inapotea, ila mwili wake unavumilia upungufu zaidi kabla ya kufika huko na hana kengele ya kila mwezi ya kumwonyesha. Hedhi ikipotea miezi mitatu na huna mimba, acha dayati, nenda hospitali.

Nenda hospitali pia kama umefuata hesabu kwa uaminifu miezi mitatu na hakuna kitu kilichosogea, si kiuno wala mizani. Tezi ya shingo inayofanya kazi chini ya kiwango iko zaidi kwa wanawake, na matatizo ya ovari ya homoni nayo yapo kwa wengi. Mwenye mimba asianze lolote la hapa. Anayenyonyesha anatumia kama kalori 500 za ziada kwa siku, hiyo tayari inatosha.

Na kwa mama zetu na dada wakubwa, kati ya 45 na 55 hedhi inapokoma estrojeni inashuka na mafuta yanahama, yanatoka kwenye nyonga yanakuja tumboni, hata kama mizani inasoma kilekile cha miaka yote. Hapo ulinganisho wote unageuka, kipimo chako kinakuwa kile cha mume wako, kiuno kila mwezi, presha na sukari kupimwa, na vyuma usiviache maana sasa vinashika na mifupa. Mama yangu mzazi ana 57, nimemnunulia futi yake, ananitumia namba kila tarehe mosi.

Sisi tuna madaftari mawili sasa. La mume wangu lina mstari wa kila Jumapili, kiuno, juzi imesoma 93. Langu lina mstari mmoja kwa mwezi, siku ya sita.